Vitivo vya afya kushirikiana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa uzamili, wahadhiri wapya, wahasibu wa vyuo na wakati mwingine wazazi. Majibu ni ya mtu aliyewahi kuandaa mikataba kadhaa ya ushirikiano katika chuo kimoja cha Afrika Mashariki, na kuona mmoja ukifa kabla wino haujakauka.

Tumesaini hati ya makubaliano na chuo cha nje. Je, sasa tunashirikiana?

Bado. Hiyo ni posa tu, ndoa haijafungwa. Kila ofisi ya mkuu wa kitivo ina kabati la hati za namna hiyo, zenye mihuri miwili na picha ya watu wakipeana mikono, na nyingi hakuna aliyezifungua tena tangu siku ya picha. Ukitaka kujua kama ushirikiano upo, usiulize hati. Uliza ni mhadhiri gani wa upande wa pili yuko wodini kwenu wiki hii, ni mwanafunzi wenu yupi yuko kwao, na nani kati yenu ameandika swali la utafiti mnaoufanya pamoja. Ukikosa jina hata moja la mtu, basi mna karatasi.

Jambo hili ni geni kwetu?

Hapana. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924, na kwa miaka mingi ndiko walikokwenda vijana wa Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda kusomea udaktari. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, Nairobi mwaka 1967, na tangu 1963 hadi 1970 vyuo hivi vitatu vilikuwa chini ya kofia moja ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kofia ilipovuliwa, kila nchi ikaenda na chake. Kilichobaki ni desturi ya mtahini wa nje: mtihani wa mwisho unapofika, profesa wa chuo jirani huletwa kusikiliza wanafunzi wakieleza wagonjwa wao. Waliopitia mtihani huo wanaukumbuka vizuri kuliko mahafali yenyewe.

Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, liliundwa mwaka 1980 kuunganisha tena kilichokatika, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Kwenye karatasi, mwanafunzi anaweza kuhama na alama zake kutoka nchi moja hadi nyingine. Jaribu kuhama mwaka wa tatu wa udaktari, kisha urudi utuambie.

Kuna mfano uliodumu, ambao si wa miaka mitatu ya mradi?

Upo, na uko Eldoret, Kenya.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kinaanzisha kitivo cha sayansi za afya. Madaktari wachache wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakiwemo Joe Mamlin na Bob Einterz, walifika mwaka 1988 wakitafuta kitivo kichanga cha kushikana nacho mikono. Moi walikuwa wameamua kufundisha kwa njia ambayo wakati huo ilikuwa ngeni huku: mwanafunzi anapewa tatizo la mgonjwa kwanza, nadharia anaitafuta mwenyewe, na kila mwaka anatumwa kuishi na kujifunza katika jamii. Linköping ya Sweden na Maastricht ya Uholanzi, ambazo tayari zilikuwa zikifundisha hivyo, nazo zilikuwa karibu.

Katika miaka kumi ya kwanza hapakuwa na fedha nyingi za utafiti, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati yao kubwa. Walichofanya kilikuwa kidogo lakini hakikukatika: daktari mmoja wa Indiana akae Eldoret mwaka mzima, apite raundi ya wodi pamoja na wenyeji, kisha aje mwingine kumpokea. Wanafunzi wa Indiana waje Eldoret, na wa Moi waende Indianapolis. Watu wakazoeana kabla ya kugawana fedha.

Kisha UKIMWI ukajaza wodi. Mwaka 2000 mmoja wa wanafunzi wa udaktari wa Moi alilazwa akiwa hoi katika hospitali ileile aliyokuwa akisomea. Dawa za kufubaza virusi wakati huo zilikuwa za matajiri. Walimu wake walizitafuta kwa namna yao, kijana akainuka kitandani, na swali likawa: na wengine je? Mwaka 2001 ukazaliwa mpango wa AMPATH. Herufi za jina hilo hazijabadilika hadi leo, lakini maana yake imebadilishwa: mwanzoni ilihusu kuzuia na kutibu VVU, sasa inahusu kuwafikishia watu huduma za afya kwa jumla, pamoja na kisukari, shinikizo la damu na saratani. Kuna wakati mpango huo ulilima mashamba, kwa sababu mgonjwa aliyepewa vidonge bila chakula hakuwa amepewa kitu.

Na hapohapo utafiti ukaota wenyewe. Ukihudumia maelfu ya wagonjwa huwezi kutegemea daftari na faili la kamba. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana na wenzao wakaanza kubuni mfumo mkubwa zaidi, OpenMRS, ambao yeyote anaweza kuuchukua bure na kuurekebisha. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na leo umeenea katika nchi nyingi ambazo hazijawahi kusikia jina la Mosoriot.

Lakini utafiti wa vyuo unamsaidia nini mgonjwa wa kawaida?

Chukua homa. Kila aliyekulia huku anajua mwenendo wake: mtoto akichemka mwili, ni malaria, apewe dawa ya malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528. Damu ilipochunguzwa kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14.

Rudia kuisoma sentensi hiyo.

Wengine walikuwa na nini? Wagonjwa 118 walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, brusela, na homa zinazoletwa na kupe. Wapo waliokuwa na bakteria kwenye damu, na wapo waliokuwa na chikungunya. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopona kwa dawa ya malaria. Hapa ndipo ushirikiano ulipokuwa wa lazima: wodi ya Moshi ilikuwa na wagonjwa na swali, lakini baadhi ya vipimo hivyo havikuwepo nchini wakati huo. Upande mmoja peke yake usingefika popote. Mwenye maabara bila wodi asingejua cha kutafuta, na mwenye wodi bila maabara angeendelea kuandika "malaria" kwa nia njema.

Utafiti mwingine wa aina hiyo ulifanyika Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, chuo cha tiba cha Muhimbili kikiwa na Harvard ya Marekani. Wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa ili kuona kama vitamini zingewasaidia. Matokeo ya miaka kadhaa ya ufuatiliaji, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kuwa mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulichelewesha ugonjwa kukomaa. Vitamini hazikuwa mbadala wa dawa, na watafiti walisema hivyo, ila kwa mama ambaye dawa zilikuwa bado hazijamfikia, kucheleweshewa ugonjwa hakukuwa jambo dogo.

Ni lazima mshirika atoke Ulaya au Marekani?

Si lazima, ingawa ukisoma matangazo ya ruzuku utadhani ni lazima. Kitivo cha Moshi kikishirikiana na cha Mwanza au cha Muhimbili hakihitaji viza wala tiketi ya ndege kubwa. Mpango wa CARTA umeunganisha vyuo vya Afrika, vikiwemo Makerere, Nairobi, Moi na Rwanda, kusomesha shahada za uzamivu za afya ya jamii, na mwanafunzi hubaki kuwa mwajiriwa wa chuo chake. Zanzibar nayo ilianza kuwafundisha madaktari wake nyumbani kwa msaada wa walimu kutoka Matanzas, Kuba.

Na kuna mshirika ambaye watu wa afya humsahau kabisa: daktari wa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, ilikuwa inaua ng'ombe na watu kwa pamoja, na anayejua ng'ombe hakai hospitali ya rufaa. Kituo cha SACIDS pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimejengwa juu ya wazo hilo la Afya Moja, yaani kutazama afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Rudi kwenye zile homa za Moshi uone ni ngapi zilitoka zizini.

Wanafunzi wa kigeni wodini kwetu: wanakuja kujifunza au kutalii?

Wote wawili wapo. Anayekuja wiki nne, hajui Kiswahili, na anapewa mgonjwa kwa sababu tu ni mgeni, anatia hasara. Mgeni asipewe kushona, kuzalisha au kumchoma mgonjwa sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo kama kwao haruhusiwi kufanya hivyo. Kanuni hiyo iandikwe kabla hajapanda ndege, na mkuu wa idara aisimamie, maana muuguzi wa zamu atapata tabu kumkatalia mgeni aliyeletwa na profesa.

Lalamiko kubwa zaidi ni hesabu ya kubadilishana. Wanakuja kumi, tunapeleka mmoja. Nauli ni sababu moja, viza ni sababu ya pili, na ya tatu ni kwamba hospitali nyingi za nje haziruhusu mwanafunzi wetu kumgusa mgonjwa, anabaki kusimama nyuma ya pazia akitazama. Dawa ninayoijua ni kuweka ada ya wageni katika akaunti ya pekee inayolipia nauli za wa kwetu, na kuandika idadi ya pande zote mbili ndani ya mkataba.

Vibali vya utafiti hupatikana wapi, na kwa mpangilio gani?

Kwanza kamati ya maadili ya chuo chako. Tanzania Bara utafiti wa afya unakwenda pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kibali cha maadili cha kitaifa, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Akiisha hapo kuna mambo ya Uhamiaji. Zanzibar ina utaratibu wake, usidhani kibali cha Bara kinavuka bahari. Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Uganda ni kamati, kisha baraza la sayansi na teknolojia. Utafiti ukiwa na chuo cha nje, kamati yao nayo itataka kuupitia.

Kamati mbili zinaposema mambo mawili tofauti, ya kwenu ndiyo inayowajua watu wenu. Tenga miezi, si wiki. Usianze kuchukua hata jibu moja la dodoso ukisubiri barua.

Watu wanaogopa kutoa damu. Tuwaambie nini?

Wana historia yao. Pwani bibi zetu walitutishia mumiani, mtu anayewinda watu awanyonye damu ikatengenezwe dawa. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto. Hadithi hizo zilienea enzi ya ukoloni, wakati watu walipimwa na kuchomwa sindano bila kuelezwa lolote. Leo gari jeupe linafika kijijini, vijana wenye makoti wanajaza chupa za damu, wanaondoka, hawarudi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha watu, si kilichonyooshwa kutoka Kiingereza neno kwa neno. Nimewahi kusoma fomu iliyosema mshiriki "atabahatishwa katika mkono wa kuingilia kati". Mama mmoja aliuliza ni mkono wa kulia au wa kushoto. Sema tu: tutapiga kura, nusu watapata dawa, nusu watapata kidonge kisicho na dawa ndani, na hata sisi hatutajua nani kapata kipi. Kiasi cha damu kisemwe kwa vijiko. Semeni damu inakwenda wapi, itakaa muda gani, na nani ataruhusiwa kuipima tena. Kisha rudini na matokeo, hata kama hayana habari njema, muitishe mkutano palepale mlipochukulia.

Na sampuli zikitaka kwenda nje ya nchi?

Kuna mkataba wa kuhamisha sampuli, unaosainiwa kabla chupa haijafungwa kwenye barafu. Swali la kuuliza kwanza ni kwa nini ziende. Kama jibu ni "mashine hamnayo", swali la pili ni kwa nini bajeti isilete mashine na fundi wa kuitunza, au angalau isimpeleke mtaalamu wenu wa maabara akaone sampuli zake zikipimwa. Data nazo ni vivyo hivyo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya ni za siri kuliko nyingine zote. Kuficha jina la mgonjwa hakutoshi katika kijiji ambacho kila mtu anajua nani ana mapacha na kifafa.

Nani aandikwe wa kwanza kwenye makala?

Aliyeandika. Inaonekana rahisi, ila hapa ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Wahariri wa majarida ya tiba wana masharti manne ambayo yote sharti yatimie: uwe umechangia kubuni utafiti au kukusanya na kuchambua data, uwe umeandika au kuhakiki rasimu kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika. Mtego uko kwenye sharti la pili. Kijana aliyekesha wodini akikusanya data hapewi rasimu, kisha anaambiwa hakuandika, kwa hiyo jina lake linawekwa kwenye shukrani. Apewe rasimu. Na mkuu wa idara ambaye hakuisoma asiwekwe kwa heshima ya kiti chake; hilo ni kosa letu wenyewe, tusiwasingizie wageni.

Yule anayetua, anachukua data na kupaa ndiye anayefanya utafiti wa parachuti. Dawa yake ni kukubaliana orodha ya makala na majina siku ya kwanza, wakati bado mnapendana.

Fedha zinapitia wapi, na kwa nini chuo chetu hubaki na kidogo?

Mara nyingi ruzuku hupewa chuo cha nje, nacho hukata kipande kiletwe huku. Gharama za uendeshaji, yaani umeme, ofisi, mhasibu na mtandao, huhesabiwa juu ya bajeti. Taasisi ya afya ya Marekani, NIH, kwa miaka mingi ilitoa kwa vyuo vya nje asilimia 8 tu kwa ajili hiyo, wakati vyuo vikubwa vingi vya kwao vilipata nyongeza inayozidi nusu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Matokeo yake ofisi ya fedha ya kwetu inakuwa na watu wawili na miradi arobaini, hesabu zinachelewa, kisha tunaambiwa hatuna uwezo wa kusimamia fedha.

Mwaka 2025 ulifundisha mengine. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Mei NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zinazopitia chuo cha Marekani kwenda chuo cha nje hadi utaratibu mpya uwepo. Wauguzi na wakusanyaji data walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Nchi za Afrika zilikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mkaguzi akija ofisini kwako, muulize yeye imefika ngapi.

Tukiwasomesha wahadhiri nje, watarudi?

Wengi hurudi kama kuna cha kurudia. Wasweden na Muhimbili walitumia mtindo wa kusomea pande mbili: mtu anakwenda Stockholm au Umeå miezi michache kwa kozi na uchambuzi, kisha anarudi Dar es Salaam kufanya utafiti wake, miaka yote hiyo akiwa bado ana ofisi na familia hapa. Miaka ya ushirikiano huo ndiyo iliyowezesha Muhimbili kufanya jaribio la chanjo ya VVU la HIVIS kuanzia mwaka 2007, kwa kujitolea kwa askari polisi 60 wa Dar es Salaam.

Ninachokiogopa zaidi ni kuhama bila kuondoka. Mradi unalipa mara mbili ya mshahara wa chuo, mhadhiri anahamia kwenye jengo la mradi lenye kiyoyozi, na darasa la mwaka wa pili linabaki na msaidizi. Mkataba useme mtu wa mradi atafundisha saa ngapi.

Udaktari, uuguzi na ufamasia ndani ya chuo kimoja, nao washirikiane?

Ndiyo, na ni aibu kwamba tunajua njia ya Boston kuliko ya jengo la uuguzi. Anzeni na raundi moja kwa wiki ambayo mfamasia anaongea kwanza.

Mimi ni mhadhiri mpya. Nianzie wapi?

Andika swali lako, ukurasa mmoja, kutoka kwenye wodi au zahanati unayoijua. Mtafute mtu mmoja, si chuo. Soma makala zake mbili, mwandikie ueleze ni wapi swali lako linagusana na kazi yake. Mkiitikiana, fanyeni kwanza kitu kidogo kisicho na fedha: somo moja kwa njia ya mtandao, au kupitia pamoja mafaili hamsini ya zamani, kibali cha maadili kikiwa tayari. Baada ya hapo nenda kwa mwanasheria wa chuo na kwa mhasibu, kwa majina yao, kabla hujamgusa mkuu wa kitivo. Nenda asubuhi, mchana mhasibu huwa benki.